Pua Iliyonyamaza Katikati ya Vanila

Uvumi aliutoa jirani mshonaji: ati vanila ya manukato huua pua, na anayeichanganya kwa muda mrefu mwishowe hatofautishi sabuni na siagi. Mama alijaribu kuupuuza, ukamganda. Binti yake alikuwa akijifunza kazi katika karakana ya manukato, na kazi yenyewe yote ni pua.

Asubuhi moja binti akapiga simu. "Mama, sisikii harufu. Naongeza vanila, naongeza tena, kama nanusa maji."

Mama alitoka mbio, kamba za viatu zikiburuzika. Kabla hajafika getini kwa karakana, akasimama ghafla. Harufu ilikuwa imetoka barabarani kumpokea: tamu, ya joto, kama maziwa yakichemka na sukari ikianza kuungua, na chini yake harufu ya mbao kavu. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alisimama na chenji mkononi, mteja kamsahau. Mama naye akasahau alichokuja kulilia.

Ndani, binti alikuwa amejifungia, madirisha kayabana ili harufu isipotee, chupa puani, macho mekundu.

"Chumba kimejaa, mwanangu. Mpaka njiani."

"Unanihurumia tu, mama."

Fundi anayemfundisha binti, mwanamke wa makamo, alifika akavuta hewa, akatikisa kichwa. Akamweleza mama kwamba pua haijafa, imezoea. Na mkaidi huyu ameshakatazwa kujifungia. Akamtoa binti hadi uani, akamwamuru anuse kiwiko chake mwenyewe, maana pua hupumzika kwenye harufu ya mwenyewe. Binti akakaa, uso kiwikoni kama ndege aliyelala. Mama alimtazama bila kupepesa macho.

Baada ya muda mrefu fundi akachovya kijikaratasi chembamba chupani, akakipunga mbali na uso wa binti.

Binti akanusa, akashtuka. Kisha machozi.

"Mama, kumbe ni nyingi hivi? Nimeharibu chupa nzima."

"Heri chupa," mama akasema, akaketi chini palepale.

Basi mwenye mtoto katika kazi hii amkataze haya:

Kujifungia na vanila, madirisha yamebanwa.
Kunusa mdomoni mwa chupa.
Kuongeza tone kwa sababu pua imenyamaza.
Kushika unga wa vanila ambao haujayeyushwa kwa mikono mitupu, kisha kujifuta macho.
Kuona haya kutoka nje kupumzisha pua.