Jagi la Kitanda cha Pili

Wanawake wanaolipwa kukaa na wagonjwa katika wodi ile ya Incheon walikuwa na desturi yao: mmoja akienda mapumziko, jirani humshikia mgonjwa wake. Hakuna aliyeiandika, na hakuna aliyeivunja. Ndiyo maana Jumapili hiyo Hwaja, mtunzaji wa Bi Malsun wa kitanda cha pili, alikuwa na bibi wawili badala ya mmoja.

"Mfuko wa mkojo wa jirani unakaribia kupasuka," Bi Malsun alimwambia, "na wewe umekaa unakula kama bibi harusi."

"Bibi harusi gani, mama, mwenye wali wa baridi?"

"Nenda, mwanangu. Mwenzangu anaona aibu."

Hwaja akaweka kijiko chini. Jagi la kupimia mkojo la kitanda cha kwanza hakuliona, akachukua la Bi Malsun. Akapima, akaandika, akalisuuza kwa maji ya bomba, kisha akamwaga mkojo wa Bi Malsun kwa jagi hilohilo na glavu zilezile. Mkosi wenyewe ulikuwa huo tu, kazi ya dakika tatu.

Siku ya tano Bi Malsun akaanza kutetemeka. Daktari akampa dawa, akaibadilisha, akaibadilisha tena. Homa ilishuka asubuhi, ikapanda jioni. Majibu ya maabara yakaonyesha kijidudu kilekile cha kitanda cha kwanza, kile kisichosikia dawa. Iliyobaki ni moja, nayo huumiza figo, na figo za Bi Malsun zilikuwa hoi tangu zamani. Wakamtenga katika chumba cha peke yake, Hwaja akamfuata. Muuguzi mkuu akapita kitanda kwa kitanda akiuliza nani ametumia chombo cha nani. Watunzaji wote wakatazama sakafu, Hwaja miongoni mwao.

Mle chumbani, akiwa na barakoa na joho la plastiki, akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi, mama. Ni lile jagi."

Bi Malsun akamgeukia. "Aliyekutuma nani? Si mimi? Basi funga mdomo. Ukisema watakufukuza, nami nitafia mikononi mwa nani? Binti yangu anakuja, anatazama saa, anaondoka. Niahidi."

Hwaja akaahidi, na Mungu anajua aliahidi kwa moyo wake wote.

Siku mbili baadaye alirudi wodini kuchota maji ya moto. Mama wa kitanda cha tatu, aliyekuwa anaruhusiwa kesho yake, alikuwa amejifunika hadi kidevuni, meno yakigongana. "Mafua tu," mtunzaji wake alisema. "Wamempa vidonge, anakwenda navyo nyumbani." Huyo mtunzaji naye alikuwa ameliazima jagi lile Jumatatu. Hwaja alimwona akiliazima.

Alisimama na chupa yake ya maji mpaka mikono ikachoka. Kisha akaenda kwa muuguzi mkuu akasema yote. Mama wa kitanda cha tatu akapimwa siku hiyohiyo, akapewa dawa iliyomfaa mapema, akapona. Hwaja akaambiwa akusanye vitu vyake. Hakuruhusiwa hata kurudi kuaga.

Siku ya tisa tangu afukuzwe, simu ikalia. Alikuwa mtunzaji mpya, mwanamke asiyemjua.

"Dada Hwaja? Bibi amefariki leo asubuhi. Nimeona nikwambie mwenyewe." Akaendelea. "Kuna jambo nakuomba radhi. Kila nikiingia alikuwa akiita, 'Hwaja?' Mimi namwambia siye, naye anageukia ukutani, uji hataki. Na kwa barakoa ile na homa ile hakutambua mtu. Jana nikaitika, 'Abee, mama.'"

"Akasema nini?"

"Akaniuliza, 'Ulikuwa wapi siku zote hizi?'"

Hwaja aliketi chini. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nilikuwa hapahapa, sijatoka. Akala vijiko vitatu."

Hwaja alitaka kumshukuru, lakini kilio kilimtangulia. Yule mwanamke hakukata simu.