Valentini Anaelea

Stefania alikuwa uani kwake Milola akipepeta mtama, mumewe akarudi kutoka shamba la mkonge. Valentini alikuja akielea, usawa wa kiuno cha mtu mzima, chali, macho yamefumbwa. Maji ya mto Lukuledi yalikuwa yakimchuruzika bado. Mikono yake ilikuwa imefungwa pamoja kwa kamba ya katani.

Stefania akatua ungo, akamshika mguu asipitilize. Moyo ukamwelea, akatapika kando ya kinu. Kisha akamvuta ndani, naye akapanda taratibu hadi kwenye boriti, akatulia.

Nyapara wa shamba alikuwa amekwishaleta habari kuwa Valentini ametoroka. Mkataba wake haujaisha, hivyo mdogo wake, Andrea, ataumaliza.

Walimzika, wakashindilia udongo na mawe. Waombolezaji hawajamaliza kunawa, marehemu yuko tena kwenye boriti.

“Shemeji, hakai chini,” Andrea alisema.

“Basi mpelekeni bomani akaonwe,” alisema jirani yao, Bibi Mwanasha. “Kamba hiyo hakujifunga mwenyewe.”

Stefania akamfunga kaniki kiunoni, akamvuta hadi Lindi. Waliokutana naye njiani walivua kofia, wakampa pole, wakampisha.

Bwana Shauri, Mzungu wa boma, alitoka barazani, akamtazama Valentini, akaitazama na kamba. Alisema maneno machache kwa Kiingereza. Karani wake, Huseni, akatafsiri.

“Bwana anasema, angekuwa amekufa maji akiwa kazini, angezama. Huyu anaelea. Kwa hiyo alitoroka.”

“Na mikono?”

Huseni akauliza. Safari hii jibu lilikuwa refu.

“Anasema hilo ni shauri lingine, na halijaletwa.” Huseni akainamisha macho. “Imekuelea, mama?”

“Imenielea, mwanangu. Ilinielea tangu siku aliyorudi.”

Akakaza fundo la kaniki, wakarudi Milola.

Nyapara alikuja kumchukua Andrea asubuhi, mvua ikinyesha. Alibisha hodi, akakaribishwa. Aliingia ameinama ili kichwa chake kisigonge miguu ya Valentini.

“Mto umejaa,” alimwambia Andrea. “Chukua nguo ya kubadilisha.”

Andrea akamuaga shemeji yake, akamuaga na kaka yake juu, akatoka.

Stefania aliwatazama mpaka wakapotea kwenye mihogo. Kisha akachukua ufagio, akapanda juu ya kinu alichokiingiza ndani, akaanza kutoa utando wa buibui upande wa pili wa boriti.