Lipu ya Upande wa Ndani

Ukuta wa nyumba tuliyopanga ulikuwa ukitoa jasho. Sisemi kwa utani. Ulipoupapasa asubuhi, kiganja kilirudi kikiwa na maji, na rangi yake ilivimba, ikapasuka, ikadondoka vipande vipande juu ya kitanda cha mjukuu wangu. Mtoto alikohoa msimu mzima. Alikohoa akisoma, alikohoa akicheka, hata akiuliza swali ilibidi alikate katikati kwanza akohoe, ndipo alimalizie.

Tulikuwa watu watatu katika vyumba viwili: mimi, mke wa marehemu mwanangu, na binti yao, ambaye kwa wingi wa maswali yake nilimbandika jina la Bi Maswali. Vyumba viwili havikuwa anasa. Baba mkwe halali chumba kimoja na mke wa mwanawe, na jambo hilo halikupata kujadiliwa nyumbani mwetu, kama vile haijadiliwi kwamba mlango huwekwa penye mlango. Mkwe wangu alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli moja kutwa nzima akiwa amesimama, na sehemu kubwa ya mshahara wake ilimezwa na kodi ya vyumba hivyo. Mimi nilikuwa mwashi tangu nilipoota ndevu hadi magoti yaliponikatalia kupanda jukwaa. Baada ya hapo nilifanya vibarua visivyohitaji kupanda, vya kuziba nyufa na kusawazisha vizingiti, na nilichopata kilinunua unga na sabuni.

Mwenye nyumba tulimwita Mama Funguo, kwa sababu funguo alizozifunga kiunoni zilifika kabla yake. Nilimweleza habari za ukuta.

"Mzee wangu," akasema, "kuta zote hutoa jasho. Na wewe si mwashi? Ukikukera, utengeneze."

"Nina ruhusa yako?"

"Ruhusa ya nini tena, mzee? Unataka nikubebee na ndoo?"

Basi nikautengeneza. Msimamizi wa jengo moja, ambaye zamani nilimfundisha kazi, alinipa mchanga na chokaa iliyobaki, nami nikavipokea mchana kweupe, mbele ya watu. Nikabandua lipu yote ya zamani mpaka matofali yakaonekana, nikayaacha yapumue, kisha nikapiga lipu mpya mara mbili, ya kwanza nzito na ya pili laini. Nikaongeza dirisha. Nikaunyoosha mlango uliokuwa ukilia. Nilipomaliza ndani sikuweza kuiacha nje ikiwa na magamba kama mtu aliyevaa shati safi juu ya suruali chafu, hivyo nikatoka na ndoo nikapiga na nje, nikaipaka chokaa nyeupe.

Bi Maswali alinishikia timazi, ile kamba yenye uzito wa chuma inayomwambia mwashi kama amesimama wima au amelala.

"Babu, ukuta ukipinda kidogo nani atajua?"

"Mimi."

"Na wewe usipokuwepo?"

"Ukuta wenyewe utajua. Shika kamba, usiitikise."

Jirani yetu, fundi viatu, alikaa barazani na nyundo yake akinitazama kwa huruma ya kinafiki.

"Bwana mwashi," akasema, "unampamba bibi harusi wa mwenzako."

"Na wewe unayeshona viatu vya wenzako, mwenyewe unavaa nini?"

"Ndala. Lakini mimi nalipwa."

Nilimpuuza. Kikohozi cha mtoto kilipungua, kisha kikakoma kabisa, nami nikaona nimelipwa kuliko yeye.

Siku Mama Funguo alipokuja kuchukua kodi, alisimama mlangoni. Akaweka kiganja ukutani, akakitazama, kikavu. Akaenda dirishani akachungulia nje kama mgeni. "Mzee, una mkono," akasema. "Wallahi una mkono." Nami nilisimama pale nimetoa kifua kama mwanafunzi aliyesifiwa mbele ya darasa. Juma lilelile akarudi na kijana mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye alipima vyumba kwa hatua zake na kuuliza kama maji hutoka kila siku. Alipoondoka, Mama Funguo akaomba kigoda, akakaa.

"Mimi sina ubaya na wewe, mzee wangu. Huyu kijana yuko tayari kulipa karibu mara mbili. Nyinyi ndio mliotangulia, kwa hiyo mkiweza kulipa hivyo, mtakaa. Msipoweza, mwisho wa mwezi nitahitaji vyumba vyangu."

"Lipu hiyo nimeipiga mimi."

"Nani amekataa? Ndiyo maana vimepata bei." Kisha akashusha sauti. "Nina watoto wawili chuoni, na chumba ninacholala mimi mwenyewe kinavuja. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Hakuwa amesema uongo.

Fundi viatu alikuwa na dawa. "Ibandue," akasema. "Chukua nyundo, rudisha ukuta ulivyokuwa. Tuone kama kijana wa viatu atataka kulala na ukungu."

"Sijapata kubomoa kazi iliyonyooka."

"Basi itakubomoa yenyewe."

Hesabu ya mambo haikuwa ngumu. Mkwe wangu hakuwa na saa zaidi za kuuza, na mimi sikuwa na magoti zaidi. Niliona njia moja tu iliyo ya heshima. Kaka wa mkwe wangu aliishi mji mwingine katika nyumba yake mwenyewe, yenye chumba kisicho na mtu. Mimi ningekuwa mlinzi katika lile jengo la mwanafunzi wangu wa zamani na kulala katika stoo ya saruji. Jioni, baada ya chakula, nilivaa koti langu, nikawaomba wote wawili wakae, nikasema kama inavyopaswa kusemwa.

"Mwanangu, tangu mumeo alipofariki umenitunza kama baba aliyekuzaa. Hakuna neno ninaloweza kukulaumia. Lakini nyumba hii imetushinda. Mchukue mtoto, nenda kwa kaka yako. Nakuruhusu, tena kwa moyo mweupe."

Mkwe wangu alikuwa akikunja sare ya shule ya mtoto. Miaka yote hiyo, kila nililosema, jibu lake lilikuwa "Ndiyo, baba". Alikunja mkono mmoja wa shati, akakunja wa pili, akaliweka chini.

"Hapana, baba."

Bi Maswali, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuuliza kitu.

"Baba atanisamehe," akaendelea, macho yakiwa kwenye shati. "Kaka yangu ana nyumba nzuri, na mke wake ana mdomo. Lakini si hilo. Mtoto huyu amekwisha kuondokewa na baba yake. Hataondokewa na babu yake kwa sababu ya kodi."

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimeisawazisha mwenyewe na hapakuwa na dosari ya kutazama, lakini niliitazama muda mrefu.

"Nimepata chumba," akasema. "Karibu na kazini. Ilikuwa stoo ya magunia. Kodi yake haifiki nusu ya hii."

"Chumba kimoja?"

"Kimoja, baba. Lakini kirefu. Kina mlango mbele na mlango nyuma."

"Mwanangu, unajua haiwezekani."

"Ninaijua heshima, baba. Ndiyo maana nimekipima. Kitanda changu na cha mtoto upande wa mbele. Kisha ukuta. Kisha kitanda chako, na mlango wako wa nyuma."

"Ukuta gani? Umesema ni chumba kimoja."

"Ukuta utakaoujenga wewe."

Mtoto akapiga makofi. Nikamtazama, akaacha.

"Ila nina ombi moja," mkwe wangu akasema, na sasa aliinua macho. "Nje usiguse. Hata kwa ndoo moja ya chokaa. Nakuomba, baba."

Watu wameniomba mengi maishani, lakini hakuna aliyeniomba jambo zito kama hilo.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenye stoo, muuza magunia asiyependa maneno mengi. Sikutaka aje aseme nilimficha, kwa hiyo nilimweleza kila kitu: nitajenga ukuta wa kugawa chumba, na upande wa ndani wote nitaupiga lipu.

"Jenga," akasema. "Ukihama unauacha."

"Na kodi?"

"Kodi ya stoo ni kodi ya stoo. Ndani mtajua wenyewe, mzee. Mimi hupita nje tu."

Tukapeana mikono. Nikajenga ukuta wa tofali moja moja, nikauachia nafasi juu, chini ya paa, ili hewa na mwanga wa dirisha lililo upande wao vinifikie. Nikaupiga lipu pande zote mbili na kuta nyingine zote za ndani, na ninasema bila kujisifu kwamba mjusi asingepata pa kushikilia. Nje niliacha kama palivyokuwa: ufa kutoka kwenye kizingiti hadi pembeni, madoa ya miaka mingi, na matofali mawili yaliyochomoza kama meno ya mzee.

Fundi viatu alikuja kututembelea, akasimama barabarani.

"Hapa ndipo anapokaa bwana mwashi? Nilidhani choo cha soko."

Nikamkaribisha ndani. Alipoziona kuta za ndani, alivua ndala zake mlangoni.

Kila nirudipo nyumbani mkono huniwasha. Siku moja nilijikuta nimesimama mbele ya ule ufa, mwiko mkononi, na udongo wa lipu kidogo tu juu yake.

"Baba," sauti ya mkwe wangu ikasema nyuma yangu.

"Nilikuwa nautazama tu."

"Na mwiko?"

"Nao ulikuwa unatazama."

Akaziba mdomo kwa kanga, nami nikaurudisha udongo kwenye ndoo.

Alasiri ya Jumamosi iliyopita nilikuwa nimejinyoosha upande wangu. Upande wa pili Bi Maswali alikuwa akisoma kwa sauti, bila kikohozi, na maneno yake yalipita juu ya ukuta, yakanishukia moja moja. Anasoma vizuri mtoto yule. Haruki neno gumu, hulikabili. Ghafla akaacha.

"Babu, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Hata nikinong'ona?"

"Jaribu."

Akanong'ona: "Kesho utakuwepo?"

Mimi si mtu wa kusema uongo, lakini nilimwambia sikusikia, ili arudie. Akarudia kwa sauti. Pasi ya mama yake, iliyokuwa ikigonga meza, ikanyamaza.

"Nitakuwepo," nikasema.

"Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa."

"Na baada ya keshokutwa?"

"Soma," nikamwambia, kwa ukali kiasi. "Soma, mimi nipo, nasikiliza."