Vipimo vya Mwaka Jana

Fundi huyu alikuwa na mwiko mmoja wa kazi: hakati kitambaa kabla hajampima mtu mwenyewe, hata awe mteja wa miaka ishirini. Miili hubadilika, alipenda kusema, daftari halina habari.

Sare ya shule ya binti yake aliikata kwa daftari.

Tangu mwanawe wa kiume agongwe na lori akimpelekea mteja suti, fundi hakuwepo. Alikaa kwenye cherehani na kukanyaga, lakini roho ilibaki siku ile. Laiti ningeipeleka mwenyewe. Kwa nini nilimwambia afanye haraka? Miezi minane alikuwa akiifumua siku ile na kuishona upya, na kila akimaliza, mtoto bado amekufa. Asubuhi hata kuvaa viatu kulimshinda.

Mkewe naye alikuwa na maradhi yake, ya siku zijazo. Shule ikifunguliwa nani atamvusha huyu binti barabara? Akishikwa na homa? Sisi tukifa? Moyo ulimwenda mbio akiwa jikoni peke yake, na hakuna aliyekuwa akimfukuza.

"Baba watoto, muongezee pindo," alisema. "Atarefuka huyo. Na kiunoni umwachie nafasi."

"Nimeshamwachia inchi moja."

Mwenye mwili alikuwa chumba cha pili, hatua sita kutoka pale, na hakuna aliyejisumbua kumwita. Watu wazima wawili, jamani.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, binti alitoka chumbani amevaa. Gauni lilimpwaya mabegani, lilimpwaya kiunoni, na mbele alilishika kwa mkono.

"Umezidisha nafasi," mama akasema.

Fundi alikasirika. Inchi moja anaijua hata akifumba macho. Akaivuta futi shingoni, akapiga magoti mbele ya mwanawe na kumzungushia kiunoni. Akapima tena. Akalifungua daftari. Mtoto alikuwa amerefuka inchi mbili, na kiuno kimepungua inchi tatu.

"Mwanangu, chakula unakula?"

Binti alitazama chini.

"Mezani mnanyamaza wote," alisema. "Nikitafuna, nasikika peke yangu. Naona aibu."

Mama alishika kichwa. "Huyu anaumwa. Na wakimlaza je? Na wakituambia tumechelewa? Sitaweza tena mimi, sitaweza."

"Ningempima tangu mwezi ule wa msiba," fundi akasema, akiliangalia daftari. "Siku ya maziko alikuwa amesimama pale mlangoni. Nilimuona. Ningemshika tu mkono. Kwa nini sikumshika mkono?"

Waliendelea hivyo, kila mtu na lake, na mtoto kasimama katikati. Futi ilikuwa bado kiunoni mwake, na fundi alikuwa akiivuta bila kujua.

"Baba," binti akasema taratibu, "unaniumiza."