Jiko Tulilombomolea Mama

Ukuta wa jiko ulipoanguka, mama alipiga makofi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, blanketi magotini, na vumbi lilipotulia akasema, "Moshi huo umeniua nusu. Sasa ufe wenyewe."

Lilikuwa jiko la udongo, nyuma ya nyumba yetu, pembeni mwa Kitale kwenye barabara ya kwenda Saboti. Mume wangu Gachanja ndiye aliyeamua libomolewe. Daktari alikuwa ametuambia kwamba kifua cha mama hakiwezi tena moshi wa kuni, na mama, tangu nimtoe kwao Bokoli ili nimwuguze, alikuwa akiishi ndani ya moshi huo. Alilala katika kijumba kilichoungana na jiko. Alikula jikoni, akaota moto jikoni, akasali jikoni. Hakuwahi kukanyaga nyumba yetu kubwa, kwa sababu ni nyumba ya mkwe wake.

Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na mama mkwe hali mahali ambapo mkwe anaweza kuuona mdomo wake ukitafuna. Gachanja ni Mkikuyu aliyezaliwa Saboti, na miaka yote ya ndoa yetu aliichukua adabu hiyo kama mchezo mtamu. Asubuhi alisimama nje ya ukuta wa jiko akaita:

"Mama, umeamkaje?"

"Nekesa, mwambie mkwe wangu nimeamka salama," mama alijibu, hata kama mimi niko bombani nachota maji.

"Nekesa ameniambia," Gachanja alisema, nao wakacheka, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Basi jiko jipya lilikuwa zawadi yake kwa mama. Fundi Ngari alikuja na vijana wake, akapima, akajisifu kwangu. "Itakuwa ya mawe, bana, na bomba ya kutoa moshi mpaka juu. Mama Nduta, hata gavana atakuja hapa kuomba chai." Aliahidi kumaliza kabla mvua haijakolea. Kwa kuwa kijumba chake kilibomolewa pamoja na jiko, tukamhamishia mama katika chumba cha binti yetu Nduta, aliyekuwa shule ya bweni. Nilipomshika mkono avuke kizingiti, alifumba macho kama mtu anayevuka mto. Nilitundika shuka nzito mlangoni, na Gachanja akaanza kukohoa kila alipopita karibu, ili mama ajue yupo.

Mvua haikumngoja fundi. Kuta zilipofika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya mlango na madirisha, Ngari alipata kazi nyingine Kanduyi, huko Bungoma, akawa mtu wa simu tu. "Nakuja, mama. Si unaona mvua lakini?" Nami nikawa napika kila mahali pasipokuwa jiko. Maharagwe niliyachemsha kwa makaa barazani. Ugali niliusonga sebuleni juu ya mtungi wa gesi. Masufuria niliyaoshea bafuni, ndani ya karai. Saruji iliingia katika kila kitu; nilipoonja mboga, meno yangu yaliukuta mchanga kabla ulimi haujaikuta chumvi. Mrenda, ile mboga ya kuteleza aliyoipenda mama, huhitaji munyu, yale maji yanayochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, na mahali pa kuchoma maganda hapakuwapo. Nilitumia magadi ya dukani. Mama alionja akasema ni sawa, kisha akaisogeza sahani kidogo.

Lakini si magadi yaliyomshinda. Alikula nyuma ya shuka akisikiliza. Viatu vya Gachanja viliposikika sebuleni, mkono wake ulisimama hewani na tonge likapoa.

"Mama, hakuoni."

"Ananisikia nikitafuna."

"Anasikiliza redio."

"Basi mwambie aongeze sauti."

Gachanja akaongeza sauti. Kwa muda tukaishi hivyo, mtangazaji akipiga kelele nyumba nzima ili mwanamke mgonjwa apate kumeza. Nilimshukuru Mungu kwa kila tonge. Nilikuwa nimeomba jambo moja tu: mama apate nguvu, aone jiko lake, ale humo akiwa amejituliza. Wakati huo niliamini naomba kitu kidogo.

Siku moja gesi ilikwisha ugali ukiwa bado haujakaza. Makaa yalikuwa yamelowa. Nilimwachia mama uji wa wimbi ndani ya chupa ya chai, nikakimbia kutafuta mtungi mwingine, na mvua ya mawe ikanifungia dukani. Niliporudi, Gachanja alikuwa amesimama nje ya chumba cha Nduta na bakuli tupu mkononi. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyetoka kubatizwa.

"Amekula!" alisema. "Mama Nduta, amemaliza bakuli lote."

"Nani amempa?"

"Mimi. Alikuwa anakuita mpaka sauti ikaisha. Mikono inatetemeka, hawezi kufungua chupa. Nikamwinua kichwa, nikamlisha na kijiko pole pole, vile nilikuwa nalisha mama yangu."

Nilimpita nikaingia chumbani. Mama alikuwa amegeukia ukuta. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka sakafuni, na nywele zake chache, nyeupe, zilikuwa wazi. Uji ulikuwa umemkaukia kidevuni. Nilipomfuta, alisema kwa sauti ndogo, "Amenikuta bila kitambaa." Kisha akautapika uji wote.

Usiku huo tuligombana, mimi na Gachanja, kwa kunong'ona.

"Ulijua," nilimwambia. "Miaka yote hii, ulijua."

"Nilijua ni adabu. Kwani adabu inamaliza njaa? Ungekuta amekufa na uji uko kando yake, ungeniambia nini? Ati asante kwa kumheshimu?"

Kwao Saboti mkwe mzuri ni yule anayeingia ndani na kushika mgonjwa. Alikuwa amefanya kitu kizuri kuliko vyote alivyovijua.

Tangu hapo mama hakula katika nyumba ile. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Nilimletea viazi vilivyopondwa, nikamletea mchuzi wa kuku, nikamletea ndizi mbivu. Alishukuru kwa kila kimoja na kufunga midomo. Gachanja alienda nje kwenye dirisha la chumba, akapiga magoti kwenye matope.

"Mama, nisamehe. Sikutaka kukukosea heshima."

"Nekesa," mama alisema, "mwambie hana kosa. Kosa hili halina mwenyewe, ndiyo maana haliondoki."

Kaka yangu Mukhisa alituambia kwa simu kwamba aibu ya namna hiyo huondolewa kwa blanketi: mkwe hulinunua, na wazee wa ukoo wa baba humfunika nalo mama. Gachanja alilinunua siku hiyohiyo, la sufu, zito. Wazee waliopaswa kulishika wote wamekwisha kuzikwa. Mukhisa alikuja peke yake, akalishika na kusema maneno aliyoyakumbuka nusu. Mama alilipokea, akajifunika, akasema lina joto. Chakula kilipoletwa, akafunga midomo.

Hospitalini walimtundikia maji ya mshipa, wakaturudisha nyumbani na ushauri kwamba ale. Mchungaji wetu alikuja, akaomba vizuri, akamweleza mama kwamba ndani ya Kristo desturi hizi zimevunjwa. Mama amekuwa mwanamke wa kanisa tangu ujana wake. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Yesu hakuoa, mwanangu," alimwambia. "Hakuwa na mama mkwe."

Mchungaji alicheka kabla ya kujizuia. Mimi pia nilicheka, na kwa kicheko hicho nikadhani labda tumepona. Nikamwuliza mama pale pale kama nilete uji.

"La," alisema.

Ndipo nikaliendea lile jiko lisilo na paa. Niliwaza hivi: bado halijawa nyumba ya mtu. Nilifunga turubai juu ya linta, nikapanga mafiga matatu katikati ya mbao za fundi, nikatafuta kuni. Makaa yalikuwa yamelowa yote, na gesi ilikuwa imekwisha tena. Nilimbeba mama mgongoni, alikuwa mwepesi kama fungu la nguo, nikamketisha. Maji yalidondoka kwenye pembe za turubai. Nilipopakua ugali, mama alinyoosha mkono mwenyewe, akamega. Nakumbuka alivyoliviringa tonge, akalichovya. Kisha upepo ukaugeuza moshi, na kwa kuwa bomba la Ngari lilikuwa bado limelala chini kwenye nyasi, moshi wote ukamjia yeye. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Tonge lilianguka kwenye kokoto. Nilimrudisha chumbani midomo yake ikiwa na rangi ya majivu, nikapiga magoti kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza maishani nikaomba bila kusema neno lolote, maana kila neno nilikuwa nimeshalitumia.

Kulipokucha alisema anataka Bokoli.

Sasa tuko hapa, katika nyumba yake mwenyewe. Hapa hakuna mkwe. Nyuma ya nyumba kuna maganda ya maharagwe. Nimeyachoma, nimechuja munyu, nimepika mrenda hadi ukavutika kama alivyonifundisha, nimesonga ugali wa wimbi kwa makaa makavu. Nilimwekea sahani mapajani, nikamwambia, "Mama, hapa ni kwako. Kula."

Alifungua mdomo. Alifungua kwa hiari yake, bila mtu kumsihi, na mimi nikasema ndani ya moyo wangu, asante Bwana, asante Bwana. Nilimtilia chakula kidogo. Kilikaa mdomoni. Alijaribu; niliona koo lake likijaribu. Kisha kikatoka taratibu pembeni mwa mdomo, naye akanitazama kama mtu aliyeharibu kitu cha wenyewe.

"Imekataa," alisema.

Nimejaribu tena kila siku. Uji mwepesi, maziwa, maji ya matunda kwa kitone. Hakuna kinachopita. Gachanja alipiga simu kusema Ngari amerudi, paa limepigwa, bomba linavuta vizuri. Alichemsha maziwa humo na hakuona moshi hata kidogo. Nilimweleza mama.

"Mwambie asante," alisema. Akapumzika. "Na yeye nani anampikia?"

"Anajipikia."

"Rudi ukampikie."

Sikurudi. Lakini ninapika kuliko nilivyowahi kupika, kwa sababu habari zimefika Webuye na Kanduyi, na watu wameanza kuja kumtazama. Wanakuja kwa makundi, shangazi, wajomba, akina mama wa kanisa, nao ni wageni, na mgeni haondoki Bokoli bila kula. Mke wa Mukhisa ameazima sufuria kubwa shuleni. Leo asubuhi Mukhisa amechinja kuku bila kuniuliza, na nimeona amelisafisha lile eneo chini ya miti ambapo kwetu huwekwa viti vya msiba.

Nilipika. Harufu ya mrenda iliingia hadi chumbani kwa mama, ambako mlango uko wazi. Wageni walikula uani wakizungumza kwa sauti ya chini. Walisifu munyu. Mmoja aliinua sahani yake, akauliza kama imebaki kidogo, nami nikamwongeza.