Bakuli la Kuonja

Mzani wa kliniki haukuwa na adabu hata kidogo. Bi Mwiko alivua viatu, akavua saa, akavua na hereni, akapanda tena, nao ukasema vilevile: kilo kumi na tatu zimerudi. Tangu alipopunguzwa tumbo miaka mitatu nyuma alikuwa ametoa kilo arobaini na moja kwa jasho lake, na sasa zilikuwa zinarudi mojamoja kama wageni wanaojua mlango wa nyuma.

"Mzani wenu mbovu," alimwambia mshauri wa lishe, binti mwembamba mwenye sauti ya upole.

"Mzani mzima, mama. Na sukari nayo imepanda." Binti alimsogezea karatasi ya majibu. "Daktari anasema tupime tena baada ya miezi mitatu. Isiposhuka, utarudi kwenye sindano."

Hilo ndilo lililomkata maini. Miaka tisa alijidunga asubuhi na jioni mpaka mapaja yakawa magumu kama soli, na siku alipoambiwa sindano basi, miezi mitano baada ya upasuaji, alilia mbele ya foleni nzima bila haya. Kurudi kule hakutaka hata kusikia.

"Mimi nakula vijiko sita mchana, sita jioni," alisema. "Naanza na nyama au yai kama mlivyonifundisha. Sinywi maji na chakula. Soda nimesahau hata rangi yake. Sasa hizo kilo zinatoka wapi, hewani?"

"Na njaa?"

Hapo Bi Mwiko alitazama ukuta. Mwaka wa kwanza njaa ilimhama kabisa, akawa anakula kwa kuangalia saa. Mwaka wa pili ikarudi. Ilibisha hodi saa nne asubuhi, ikabisha tena saa tisa, naye aliona aibu kuisema, maana watu wote walishampongeza kwamba amepona.

"Njaa kurudi si kosa lako," binti alisema. "Tumbo limepunguzwa, lakini mwili haujasahau kuomba. Unafanya kazi gani, mama?"

"Mpishi mkuu, kantini ya kiwanda cha sabuni. Watu mia tatu na ishirini kila siku."

Binti akaweka kalamu chini. Alimwomba jambo moja tu: kwa siku moja ya kazi, kila akionja kitu, achote kiasi kilekile akitie kwenye bakuli. Asipunguze kuonja wala asiongeze. Jioni alitazame hilo bakuli.

Alitoka pale amefura. Tangu lini kuonja kukawa kula? Alikubali kwa sababu moja tu, amrudishie yule binti bakuli lenye vijiko vinne chini, amkomeshe.

Kesho yake akaweka bakuli kubwa la bati kando ya jiko. Msaidizi wake alilitazama, hakuuliza. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo waliyemwita Kimya, kwa kuwa siku nzima angeweza kuimaliza kwa maneno kumi na akabakiza. Miaka sita iliyopita maharage yalitoka jikoni yamekolea chumvi hadi foleni nzima ikarudisha sahani, lawama zikamwangukia Kimya, na tangu siku hiyo hakuruhusiwa kuonja hata maji. "Una ulimi wa mbao," Bi Mwiko alizoea kumwambia. "Wewe kata vitunguu."

Saa moja ulikuwa uji: kijiko kabla ya sukari na kijiko baada ya sukari. Kikafuata kipande cha mkate, kuona kama umelala, halafu mchuzi, kisha mchuzi tena baada ya nyanya, na kiazi kimoja kuangalia kama kimeiva, na cha pili kwa kuwa cha kwanza kilikuwa kidogo. Saa nne, ile njaa ilipobisha hodi, alijikuta amesimama mbele ya sufuria la maharage, kijiko mkononi, na wala hakukumbuka alivyofika pale. Saa nane kifuniko cha bakuli kilikataa kukaa.

Bi Mwiko hakuamini macho. Akachukua upawa wa kupakulia, ule anaoujua kuliko anavyoijua pete yake ya ndoa, akapima. Mpakiaji wa magunia, mwanamume wa kunyanyua kilo hamsini begani, hupewa pawa mbili. Bakuli lilitoa tatu, na chini bado kulikuwa na kitu.

"Maharage umeyaonja mara saba," Kimya alisema nyuma yake. "Chumvi haikubadilika tangu mara ya pili."

Bi Mwiko aliweka upawa chini. Aliingia stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia la mchele. Kwanza aliona aibu, halafu akaogopa, akaziona sindano zile kwa macho yake kabisa, zimepangwa kwenye kikasha chao. Alilia kidogo. Kisha akajifuta uso kwa aproni na kujiambia kwamba hazirudi, labda yeye awe maiti.

Kuanzia asubuhi iliyofuata hakuonja kitu. Alipika kwa macho na kwa pua, na kwa kiburi pia, tuseme kweli. Maharage yakatoka yamepooza.

"Bi Mwiko, leo umepika kwa simu?" mpakiaji mmoja aliuliza, na foleni ikacheka. Siku ya pili sahani zilirudi nusu, na siku ya tatu meneja alikuja kuuliza kama anaumwa. Miaka ishirini na mbili hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo juu ya chakula chake, na ilimuuma kuliko kisu cha daktari.

Siku ya nne alimwendea Kimya na kijiko cha kuonjea.

"Shika. Kuanzia leo unaonja wewe."

Kimya alifuta mikono taratibu, kijiko hakukishika. "Na ulimi wa mbao?"

"Nitafanyaje, ndio uliopo."

"Ile siku ya maharage," Kimya alisema, "mimi nilitia chumvi mara moja. Wewe ulikuwa umeshatia, ukatoka kwenda kupokea nyama, hukuniambia. Nilipoonja nikajua. Lakini wewe ulikuwa mkuu, nani angenisikiliza?"

Bi Mwiko alikumbuka. Ukweli ni kwamba hakuwahi kusahau. Alikumbuka gari la nyama likipiga honi na kiganja chake chenye chumvi juu ya sufuria, ila miaka sita alikuwa ameikalia kumbukumbu hiyo asiinuke. Hata hivyo radhi hakuomba.

"Chukua kijiko," alisema tu, na Kimya, baada ya kumtazama sana, akachukua.

Wakawa wanapika hivyo. Bi Mwiko anatia, Kimya anaonja. "Bado." Anatia. "Bado." Anatia kwa ncha za vidole. "Basi." Na pale Kimya aliposema basi, ilikuwa basi kweli, mpaka ikamkera.

Nyumbani Bi Mwiko akamwita mumewe aonje mchuzi. Mzee wa watu, aliyekula bila swali kwa miaka ishirini na saba, alilamba mwiko akafumba macho. "Mtamu."

"Sikukuuliza utamu, baba. Nimeuliza chumvi."

"Chumvi nayo tamu."

Akamfukuza jikoni, akamwita binti yao.

Njaa haikuondoka. Ikija saa nne, alitoka jikoni, akakaa kwenye kigoda uani na kula yai lake la kuchemsha, polepole, kisha akazunguka ukuta wa kiwanda mara mbili. Mara nyingine ikatulia. Mara nyingine ikamfuata mpaka kwenye sufuria, naye akaiambia ikae hapo, saa sita itaitwa. Mwezi wa pili ilimshinda. Alijifungia stoo na trei ya viazi vya kukaanga, akamaliza nusu, akatapika, akajichukia. Zamani angeficha. Safari hii alimpigia simu yule binti wa kliniki palepale, mkono ukiwa bado na mafuta.

"Umefanya vizuri kunipigia," binti alisema. "Kesho kula kama kawaida. Usijiadhibu kwa kufunga, ndiko kunakoirudisha njaa."

Kesho yake alikula kama kawaida.

Miezi mitatu ilipotimia alipanda mzani na hereni zake masikioni. Kilo tano zilikuwa zimetoka. Akauliza juu ya zile nane.

"Nyingine huenda zisitoke, mama. Tulikuwa tunaitazama sukari." Binti aligeuza karatasi ili aisome mwenyewe. "Imeshuka. Hakuna sindano."

Hakulia. Alikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani, akaenda kazini na pamba bado imebandikwa mkononi. Alifika saa sita na robo, foleni imetoka hadi nje ya mlango, Kimya anapakua.

"Bi Mwiko!" mpakiaji alisema, sahani imejaa. "Maharage ya siku hizi si mchezo. Mkono wako umerudi."

Miezi miwili alikuwa akisikia sifa hizo na kutabasamu tu. Leo alichukua mwiko, akagonga ukingo wa sufuria mpaka watu wakanyamaza.

"Mkono ni wangu," alisema. "Anayeonja ni huyu. Na mnakumbuka ile chumvi ya miaka sita iliyopita? Ile niliitia mimi, nikamwachia yeye lawama." Akamgeukia msaidizi wake. "Kimya, nisamehe. Nakuomba radhi mbele ya hawa kwa sababu mbele ya hawa ndipo nilipokuvunjia heshima."

Upawa wa Kimya ulibaki hewani. Kule nyuma mtu alisema "kumbe" kwa sauti ya chini. Kimya alijifuta macho kwa kifundo cha mkono, akalalamikia vitunguu, ingawa vitunguu vilikwisha kukatwa tangu asubuhi.

Kisha akatoa sahani ndogo chini ya meza, iliyofunikwa kwa nyingine: vipande vitatu vya nyama, mboga, na maharage vijiko viwili.

"Saa sita imepita," alisema. "Kaa ule. Mimi napakua."

Bi Mwiko alivuta kiti akakaa miongoni mwa watu aliowapikia, kitu ambacho miaka ishirini na mbili hakuwahi kukifanya. Alianza na nyama. Alitafuna polepole, hakuinuka kwenda kuangalia sufuria, na aliposhiba aliacha vijiko vile viwili vya maharage kwenye sahani.