Shahidi Asiye Ndugu

Wallahi, billahi, tallahi, haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Nimekwisha kuyasimulia barazani kwa Mwinyijuma muuza kahawa, hapa Dunda, mbele ya wazee wenye meno na wasio na meno, na nikajifunga kwa ulimi wangu mwenyewe: akitokea mtu akanionyesha uongo humu ndani, hata wa ukubwa wa punje ya mtama, kahawa ya baraza nzima ni juu yangu, na kashata juu yake.

Basi hapo zamani, miaka michache baada ya vita vya Hitla, kulifunguliwa hapa Bagamoyo chuo kidogo cha ufundi. Leo usikitafute, mahali pake pameota michongoma. Kilifundisha useremala na uashi, na kilichukua vijana wa kutoka vijijini, kila upande wa wilaya nafasi moja tu kwa mwaka. Upande wa kaskazini, toka Mkange mpaka Saadani, nafasi moja.

Na pale Mkange palikuwa na kijana akiitwa Pazi, mtoto wa pekee wa Bi Ashura. Baba yake alikufa akamwachia sanduku la zana: randa, msumeno na patasi mbili. Pazi alizipenda zana zile kama wengine wanavyopenda ng'ombe, ila hakuwa na wa kumfundisha. Kigoda chake cha kwanza kilichechemea kama mbuzi aliyepigwa jiwe. Cha pili kilichechemea mguu mwingine. Usiku akilala, anaota mbao zinakutana pembe kwa pembe bila mwanya.

Siku jumbe Mwinjuma aliposimama kusoma tangazo la chuo, Pazi alikuwa mbele kabisa. Mwombaji awe anajua kusoma na kuandika. Sawa. Awe na kovu la chanjo ya ndui. Pazi akalishika bega lake. Asizidi miaka ishirini na mitano. Hapo jumbe akamtazama Pazi juu ya karatasi, akasema, "Wewe ulizaliwa mwaka ule wa nzige. Mwaka huu bado umo. Mwakani mlango huo kwako umefungwa." Kisha akasoma sharti la mwisho: mwombaji aje na shahidi, mtu mzima mwenye heshima zake, amjuaye tabia, na asiwe ndugu yake.

Watu wakacheka.

"Asiye ndugu? Mkange hii?" akauliza Sikuzani, jirani yao, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. "Labda wakamlete kiboko wa Mto Wami."

Na kweli. Pazi alizunguka kijiji kizima. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa mjomba wake. Jumbe alimwoa shangazi yake. Muadhini alinyonya ziwa moja na yeye. Hata yule kipofu wa njia ya kisimani, walipokaa kuhesabu mababu, walikutana kwa babu wa nne wakakumbatiana. Mtu asiye ndugu akabaki mmoja tu: mtani.

Mtani huyo ni Mbaruku wa Saadani, muuza ng'onda. Ukoo wake na ukoo wa Pazi walikuwa watani tangu mababu. Hawa wakifiwa wale ndio wazikaji, na mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya na kukucheka mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kununa. Anayemkasirikia mtani wake hutozwa mbuzi. Kila alipopita na matita yake ya samaki wakavu, Mbaruku alikuwa akila kwa Bi Ashura.

Akaja, na sauti yake ikatangulia mbele ya harufu ya samaki.

"Nyie walaji wa panya! Mko hai bado?"

"Tuko hai, tunangoja kukuzika," akajibu Bi Ashura huku akimtengea mkeka. "Na sanda yako tutaikata fupi, miguu ionekane ilivyo michafu."

Alipokwisha kula, Pazi akamweleza haja yake. Mbaruku akanawa mikono polepole, akajifuta, akasema bila ya kucheka, "Ugali wa nyumba hii nimeula tangu mtoto huyu hajajua kufunga shuka. Nitamsemea."

"Lakini utani uuache hapahapa Mkange, Mbaruku," akasema Bi Ashura. "Kule kuna Mzungu."

"Bi Ashura, utani nitauning'iniza kwenye mpapai wako huu. Nikirudi nitauchukua."

Wakacheka wote watatu, na usiku ule Pazi aliipaka randa ya baba yake mafuta ya nazi mpaka ikang'aa.

Safari yao naijua hatua kwa hatua. Walipofika Wami, mto umejaa na mtumbwi uko ng'ambo, na hapo kingoni kulikuwa na gogo kubwa jeusi. Wakalipanda, wao na wasafiri wengine wanne, wakapiga kasia kwa fito mpaka ng'ambo. Waliposhuka, gogo likapiga miayo. Kumbe ni mamba, kazeeka, kasinzia! (Hapa mtu mmoja barazani alikohoa kwa dharau. Nikamwambia mamba huyu niachiwe mimi, aniache niendelee.)

Chuoni waliwakuta vijana wengi wamekaa chini ya ukuta, kila mmoja na shahidi wake. Mkuu wa chuo alikuwa Mzungu mgeni, hajamaliza hata masika moja pwani. Kiswahili alijifunza kwao kitabuni, kimenyooka kama rula, na alikipenda hata hakutaka mkalimani. Watu walimwita Bwana Miwani.

Pazi akaingia. Akapewa karatasi asome, akasoma. Akaandika jina lake kwa mwandiko wa kujinyoosha. Akafunua bega, kovu likaonekana. Akapewa ubao aukate kwa msumeno, na mkono wake, ule uliotengeneza vigoda viwili viguru, siku ile ulikata sawasawa. Bwana Miwani akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa shahidi. Wewe unamjua kijana huyu?"

Mbaruku akavuta pumzi, akamtazama Pazi toka utosini mpaka vidoleni.

"Huyu? Huyu ni mwizi wa kuku, Bwana. Ukoo wao mzima ni wezi. Babu yake alikula paka wetu. Mpe nyundo leo, kesho kaitafute sokoni!"

Nje, wale waliokuwa wakisikiliza mlangoni waliangua kicheko. Na Pazi naye akacheka. Angefanyaje? Mtani akikutupia, unarudisha; ndivyo alivyolelewa. Akarudisha, "Na baba yake huyu, Bwana, alizikwa na tonge la pilau mkononi, hata kaburini hakutaka kuliachia!"

Bwana Miwani hakucheka. Akauliza polepole, neno baada ya neno, "Je, ni kweli ulichukua kuku wa mtu huyu?"

Sasa hilo lilikuwa kweli. Kwenye harusi ya Mbaruku mwenyewe, Pazi alimkamata jogoo wa bibi harusi, akamchinja mbele ya wageni, na wageni wakapiga vigelegele, maana mtani asiponyang'anya harusini, watu huuliza ndoa ile ina kasoro gani.

"Nilimchukua, Bwana," akasema, na kicheko bado kiko mdomoni. "Ni haki yangu."

Kalamu ikaandika. Hapo ndipo kicheko kilipomkauka Pazi. Akamgeukia Mbaruku, akingoja aseme neno, kwamba Bwana, huu ni utani, sisi ndivyo tulivyo. Mbaruku alikuwa anatazama dari.

"Bwana, huyu ni mtani wangu," Pazi akaanza. "Kwetu sisi mtani..."

"Shahidi huyu nani amemleta?"

"Mimi, Bwana."

"Basi nimemuuliza shahidi uliyemleta wewe mwenyewe. Kwaheri."

Akatoka. Akakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, akimngoja Mbaruku atoke ili warudi wote ndani wakaeleze vizuri. Mbaruku hakutoka. Karani akamwita mwombaji mwingine wa kaskazini, na aliyenyanyuka ni Muhidini wa Saadani, kaoga, kachana nywele, kavaa kanzu ya Idi. Pazi alimjua. Muhidini ni mtoto wa Dija, na Dija ni dada wa Mbaruku, tumbo moja.

Dirishani sauti ikauliza, "Wewe tena? Na huyu unamjua?"

"Namjua, Bwana. Ni kijana mwaminifu, mpole, hana neno na mtu."

Sauti ya Mbaruku ilikuwa nzito na safi, kama ya imamu siku ya Ijumaa. Hapakuwa na paka wala kuku.

"Ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu, Bwana. Jirani tu."

Pazi akasimama. Akafungua mdomo apige kelele kuwa yule ni mpwa wake, mpwa wake kabisa! Kisha akaufunga. Nani angemsikiliza mwizi wa kuku?

Walikutana njiani kurudi, karibu na Makurunge. Mbaruku alikuwa anatafuna muwa.

"Mtani, mbona umekunja uso?"

"Uliniambia utani utauacha mpapaini."

"Ulinifuata wenyewe. Utani nao una miguu." Akamkatia pingili ya muwa, akamnyooshea. "Au umekasirika? Sema umekasirika, nikamwambie jumbe atafute mbuzi."

Pazi hakuupokea muwa. Angeweza kumpiga, Mbaruku alikuwa mtu mzima na yeye alikuwa na mabega ya kupasua mbao. Lakini unampigaje mtani? Kijiji kizima kingesema Pazi hajui kuishi na watu. Ndipo alipoelewa jinsi alivyofungwa. Angeibiwa na mwizi, angeshitaki. Angetukanwa na adui, angerudisha. Huyu alimwingilia mlango ambao mila haikuuwekea komeo.

Nyumbani, Bi Ashura alimtazama mwanawe mara moja tu, akajua. Akaenda kwa jumbe. Jumbe Mwinjuma akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, hayo ni mambo ya watani. Mimi sina kesi hapo." Na wiki iliyofuata, sauti ikatangulia tena mbele ya harufu ya samaki: "Walaji wa panya! Mko hai?"

Bi Ashura hakutandika mkeka. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mpapai ule pale, Mbaruku. Nimeukagua juu mpaka chini. Ulichokiacha hakipo."

Mbaruku akacheka, akangoja, akaona anacheka peke yake, akajitwika matita yake.

Muhidini alisoma, akahitimu, akajenga mapaa ya nyumba nzuri nzuri. Pazi alilima ufuta. Randa ya baba yake ikawa ya kuzuilia mlango usipigwe na upepo.

Miaka ikapita, Mbaruku akafa. Na hapa, wazee wangu wa baraza, ndipo utamu ulipo. Habari ilipofika Mkange, Pazi alitoka mbio, maana mtani ndiye mzikaji. Alifika Saadani, akaruka ndani ya kaburi kabla ya maiti, akalala chali, akasema, "Humu haingii mtu mpaka nilipwe kuku!" Msiba mzima ukacheka mpaka machozi yakabadilika maana. Wakamletea jogoo, akapanda juu, akamwambia maiti, "Mtani, tumemalizana, nenda salama," akacheka, moyo wake ukawa mweupe kama pamba ya...

"Uongo."

Sauti ilitoka nyuma yangu pale barazani, karibu na jiko la Mwinyijuma. Nikageuka. Palikuwa na mzee mwembamba, kitambaa jichoni. Nilikuwa nimesikia kuna mzee wa Mkange amekuja mjini kwa binti yake kutibiwa mtoto wa jicho. Binti huyo namjua. Jina la baba yake nalo nalijua.

"Shikamoo, Mzee Pazi," nikasema, na kahawa ikanichoma ulimi.

"Marahaba. Yule mamba nakuachia. Na watu wanne uliowapandisha mgongoni mwake nakuachia. Lakini hilo la kucheka, hapana."

Mwinyijuma akaacha kugonganisha vikombe vyake. 

"Nilikwenda, ndiyo," akasema. "Kaburi limechimbwa, watu wote wananitazama mimi. Watoto wake wameshaandaa jogoo, wamemfunga miguu, wananingoja niseme. Nami nikasimama pale. Nikasema, Mungu amrehemu. Basi. Nikashika jembe nikatupa udongo wangu kama mpita njia yeyote, nikaondoka. Yule jogoo wakabaki naye."

Mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Hukumtania?"

"Nitamtaniaje? Utani wake aliuuza. Mjane wake, pale uani, alianza kulia upya aliponiona napita naondoka. Nadhani alielewa, mume wake anazikwa kama mtu asiye na mtani duniani."

Nikaingiza mkono mfukoni. Mimi, ambaye nimewavusha watu Wami juu ya mamba!

Mwinyijuma akagonganisha vikombe viwili. "Juu ya nani?"

"Juu yangu," nikasema. "Wote. Na kashata."

Wakashangilia wale wasio na meno kuliko wenye meno. Kahawa ikazunguka. Ilipofika kwa Mzee Pazi nilimpelekea mwenyewe kwa mikono miwili, nikijua anaweza kuikataa kama alivyoukataa ule muwa. Alikitazama kikombe kwa lile jicho lake moja.

"Yako nitakunywa," akasema. "Wewe uongo wako hauna mtu unayemnyang'anya."

Akanywa. Akanyoosha kikombe kiongezwe, akachukua na kashata mbili, moja akaifunga kwenye leso yake kumpelekea mjukuu. Nikalipa zote.